Tenki la lita 5,000 limenipa sapu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma uhandisi ujenzi mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Singida. Mwezi wa kumi mwaka jana nilichaguliwa kuingia kwenye programu ya uongozi ya wanafunzi wa vyuo. Waliomba wengi, tukachukuliwa 30 kutoka vyuo tofauti. Ni ya miaka miwili. Kila Jumamosi tunakutana katikati ya mji, saa 3 asubuhi mpaka saa 8 mchana, na kwa daladala ni saa moja na nusu kwenda na hivyo hivyo kurudi. Jumatano jioni kuna kikao cha kikundi. Hatulipwi, ila tunapewa nauli na chakula, na mwishoni kuna cheti.

Kila kikundi kina mradi wake wa jamii. Sisi tuko sita: wawili wanasoma sheria, mmoja uhasibu, wawili ualimu, na mimi. Mradi wetu ni kuvuna maji ya mvua kwenye shule ya msingi moja pembezoni mwa jiji. Maji ya bomba yanatoka siku mbili kwa wiki, siku nyingine watoto wanakuja na vidumu kutoka nyumbani, wa darasa la kwanza wanaviburuza chini. Siku ya kwanza tu nikachaguliwa kiongozi, kwa kuwa mimi ndiye mhandisi. Nikachora msingi wa tenki. Nikatafuta bei ya tenki la lita 5,000, nikazunguka Buguruni juani kutafuta mabomba na koki. Nikaandika barua kwa mwalimu mkuu, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Fundi akipungukiwa kokoto ananipigia mimi. Mwezi wa kwanza tulimwaga zege Jumamosi, na kwa kuwa fundi alichelewa tulimaliza giza limeingia, mimi nikiwa nimeshika koleo kama wengine. Watoto wa jirani walikuwa wamekaa kwenye ukuta wanatuangalia, mmoja akaniita "injinia". Shangazi, sijawahi kusikia raha kama ile.

Jumatatu yake tulikuwa na testi ya somo la majimaji, tunaloliita Fluidi. Swali la kwanza: tenki lina maji yenye kina cha mita 2, lina tundu chini ubavuni, tafuta kasi ya maji yanapotoka. Nilicheka peke yangu mpaka msimamizi akaniangalia. Vidole vilikuwa vimechubuka kwa saruji, kalamu inauma. Niliandika mlinganyo wa Bernoulli, ule unaounganisha kasi na mgandamizo wa maji, nikautazama, nikakwama. Nilipata 6 kati ya 20.

Matokeo ya muhula yametoka. Nimepata GPA (wastani wa pointi, juu kabisa ni 5) ya 2.6, na ya jumla imeshuka kutoka 3.7 hadi 3.48. Fluidi nina sapu, yaani nimefeli na natakiwa kurudia mtihani. Sijawahi kupata sapu maishani.

Sasa tuko wiki ya pili ya muhula wa sita. Tenki limeshakaa juu ya msingi, bado mifereji ya bati na mabomba. Makabidhiano yamepangwa wiki ya 8, na wiki ya 8 ndiyo ya testi zetu. Nilimdokeza mratibu wa programu kwamba masomo yamenibana, akaniambia Mwalimu Nyerere akiwa Makerere alianzisha chama cha Watanganyika na shule akafaulu, kwa hiyo ni suala la kujipanga. Rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja anasema niache hayo mambo, cheti hakiliwi. Mama anauza vitenge sokoni na ameshawaambia wenzake wote kuwa mwanawe ni kiongozi wa vijana. Habari ya sapu sijamwambia. Sijamwambia mtu yeyote kusema kweli, isipokuwa huyo wa chumbani aliyeiona kwenye simu yangu.

Niache programu, au nikaze?

Mpenda Vyote, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu. Naomba usinikasirikie kwa nilichokiona. Tenki umelieleza mpaka nimeliona: koleo, kokoto, Buguruni, vidumu vinavyoburuzwa. Darasa lako nimelitafuta sijalipata. Hujamtaja hata mtu mmoja unayesoma naye. Hujataja mnakaa wapi kudiskasi, nani anakuelekeza ukikwama, mhadhiri wa Fluidi ni mtu wa namna gani. Darasani kwako umeniingiza mara moja tu, siku ya testi, na siku hiyo ulikuwa peke yako unacheka.

Kwa hiyo nakuuliza kabla hatujafika kwenye kuacha au kukaza: Jumamosi unakwenda mjini kufanya nini? Nadhani najua. Unakwenda mahali unapoitwa injinia. Chuoni wewe ni namba ya usajili kati ya vijana pengine themanini, wengi wao wa kiume na wanaongea kwa sauti kubwa, na ukiuliza swali la kijinga wanacheka. Kule mjini swali lolote la saruji wanageuka kukutazama wewe. Mtu yeyote angekimbilia huko.

Nasema hivi kwa sababu nami nilikimbia. Mwaka 1996 nilikuwa nasomea ufundi sanifu wa maji, na nilikuwa katibu wa serikali ya wanafunzi kwenye chuo ambacho sitakitaja. Mwaka ule tulipigania maharage. Yalikuwa na wadudu, na nisiwafiche, nilikuwa mkali kweli kweli. Vikao vinaisha saa 7 usiku, naamka naandika muhtasari, nikipita bwaloni watu wananiita "Katibu!" kutoka meza ya mwisho. Darasa la hidroliki nilikuwa nakaa nyuma karibu na mlango, ili nikiitwa nitoke bila kusumbua watu. Nikawa naomba kuitwa. Matokeo yalibandikwa ubaoni, karatasi ya taipureta imeshikiliwa na pini nne, na kwenye orodha ya wanaorudia mwaka mimi nilikuwa wa nne kutoka juu. Wale niliowapigania maharage walinipa pole, wakaenda mwaka wa tatu. Maharage yalibadilishwa, hilo lazima niliseme. Mwaka uliofuata niliyala na darasa la watoto walionikuta.

Kwa hiyo sikucheki. Ila wewe hujafika nilikofika mimi, na hapa nataka tutoe kikokotoo, maana naona umeogopa namba bila kuzihesabu.

Umemaliza mihula mitano kati ya minane. Tuseme krediti za kila muhula zinakaribiana. Minne ya kwanza ulikuwa na 3.7, huu wa tano 2.6, wastani ndio huo 3.48. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Ili umalize hapo, unahitaji wastani wa 3.53 kwa mihula mitatu iliyobaki. Basi. Ni chini ya ulichokuwa unapata ulipokuwa mwaka wa pili. Shimo ulilochimba ni la goti, si la kisima.

Lakini geuza upande wa pili. Muhula huu wa sita ukipata tena 2.6, mihula miwili ya mwisho utahitaji wastani wa 4.0, ambayo ni B+ katika kila somo, mwaka wa nne, ukiwa na mradi wa kumalizia shahada mgongoni. Si kwamba haiwezekani. Wapo waliofanya hivyo, ila sijaona aliyefanya akiwa anapokea simu za kokoto. Na sapu nayo, vyuo vingi huandika C hata kama umeifanya ukapata 90, na C ni pointi 2. Kwa maneno mengine, ulichopoteza kwenye Fluidi kimeshapotea, unakwenda kuokoa kilichobaki tu. Muhula ulio mbele yako ndio wa kuugombania.

Tuangalie na saa. Vyuo vyetu vikuu vinahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na mwaka wa shahada ni krediti 120. Hizo ni saa 600 kwa muhula. Gawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kila wiki, na watu wa uhandisi mara nyingi mnapewa zaidi. Jumamosi yako ni saa nane pamoja na daladala. Jumatano tuseme saa mbili. Mpaka hapo ni saa 50 kwa wiki, na binti wa miaka 22 asiyepika wala kulea anazimudu. Programu yenyewe haijakushinda, mwanangu. Kilichokushinda ni kile ambacho hukukihesabu: Buguruni, mwenyekiti wa mtaa, fundi, mwalimu mkuu, na kundi la WhatsApp linalolia ukiwa kwenye kimbweta, meza za kusomea nje, umefungua madesa yako ya masomo. Kazi hizo hazina saa zake maalumu. Zinaingia popote zinapokuta mlango wazi, na mlango wa Fluidi ulikuwa wazi.

Basi ushauri wangu ni huu. Programu usiiache. Uongozi wa mradi uachie, wiki hii.

Najua hilo ndilo hukutaka kusikia, ungependa nikuambie uache vyote au ukaze vyote, ili uwe na wa kumlaumu. Lakini tazama ulivyoandika. Kikundi mko sita, na kwenye barua nzima vitenzi vyote ni vyako. Nikachora, nikatafuta, nikazunguka, nikaandika, nikaenda. Una wanasheria wawili, na barua ya mwalimu mkuu unaandika wewe! Una mhasibu, na bei za mabomba unazunguka kuzitafuta wewe! Hao walimu wawili watarajiwa wanafanya nini kwenye shule ya msingi kama si kukaa na watoto na kuwaeleza koki inavyotunzwa? Umewanyima kazi watu watano ambao nao walichaguliwa kati ya wengi, na wao wamekaa kimya kwa sababu kunyimwa kazi ni kutamu. Programu inakufundisha uongozi kila Jumamosi. Sijui wanafundisha nini, ila kama hawajafika kwenye somo la kugawa kazi, wewe umeshalifeli kabla halijaanza.

Kikao cha Jumatano hii, usiingie na hadithi ndefu. Sema: "Jamani, nina sapu, na muhula huu nikiteleza tena shahada yangu inaharibika. Nabaki kwenye kikundi, michoro na ukaguzi wa kazi ni wangu. Kiongozi kuanzia leo awe mwingine, na namba ya fundi nampa sasa hivi." Kisha toa simu, tuma namba hiyo mbele yao. Tafadhali usiitume baadaye ukiwa chumbani, utaghairi. Na fundi mpigie mwenyewe umwambie nani wa kumtafuta, la sivyo ataendelea kukutafuta wewe mpaka Krismasi, mafundi nawajua.

Ukilitaja neno sapu kwa sauti mbele ya watu watano, utashangaa. Mmoja wao anayo pia. Naweka dau.

Makabidhiano yasiwe wiki ya 8. Hapa hata huhitaji kuomba huruma, una sababu ya kiufundi. Mko wiki ya pili, masika yanaanza, na Dar mvua kubwa ni mwezi wa tatu mpaka wa tano. Tenki linaloungwa mifereji wiki ya 8 limekosa nusu ya mvua lililojengewa. Mwambie mratibu kazi iliyobaki ifanyike wiki ya nne, makabidhiano wiki ya tano, mvua ikiwa inanyesha na maji yanaonekana yakiingia. Wageni rasmi wanapenda hivyo. Picha nazo zinatoka vizuri.

Na huyo mratibu, mwambie kwa adabu yote kwamba Mwalimu alikuwa Makerere kati ya 1943 na 1945 akisomea ualimu, na ni kweli chama alianzisha, lakini hatujasikia kuwa alikuwa na ripoti ya maabara ya zege kila wiki. Au usimwambie hivyo, niachie mimi. Wewe mpelekee barua ya ukurasa mmoja: ratiba ya testi zako, tarehe za mitihani, na Jumamosi mbili ambazo hutakuwepo, moja kabla ya testi na moja kabla ya mitihani ya mwisho. Omba mapema ukiwa na tarehe. Umemdokeza tu, ndiyo maana naye amekujibu kwa kudokeza. Programu ya namna hii inajivunia wahitimu wake, na mratibu mwenye akili hataki kwenye ripoti yake kuwe na binti aliyedisko, aliyeondolewa chuo kwa kufeli.

Tena ujue hizi programu si basi la mwisho. Ile ya viongozi vijana wa Afrika, YALI, iliyoanzishwa na Marekani mwaka 2010 na kuwa na kituo Chuo Kikuu cha Kenyatta, ilichukua watu wa miaka 18 hadi 35. Muhandisi wa miaka 28 mwenye daraja zuri na madaraja mawili aliyoyajenga ana cha kusimulia kuliko wa miaka 22 mwenye sapu. (Hilo la daraja na madaraja limekuja lenyewe, nisamehe.) Na ukihitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa mafunzo ya vitendo wa miaka mitatu kabla hujaitwa mhandisi mtaalamu. Huko hutaulizwa cheti cha Jumamosi. Utaulizwa umesimamia nini, na nani anaweza kuthibitisha.

Ndipo tunarudi kwenye tenki. Swali la testi lilikupa kina cha mita 2. Chukua 2 mara 9.81 (namba ya mvutano wa dunia) mara kina cha 2, tafuta kipeuo cha pili: mita 6.26 kwa sekunde, kasi ileile ambayo jiwe lingekuwa nayo likianguka mita 2. Mistari mitatu. Ulikuwa na jibu kwenye uwanja wa shule, umelisimamishia msingi wa zege unaobeba tani tano za maji, ukashindwa kulitambua kwa sababu darasani lilikuja bila watoto ukutani. Kwa hiyo mfuate mhadhiri wa Fluidi ofisini na picha za tenki kwenye simu. Mwambie, "Mwalimu, nina sapu kwenye somo lako, na nina hili." Muulize bomba la kutolea maji liwe la kipenyo gani ili watoto kumi wajaze vidumu kwa pamoja bila wa mwisho kupata matone. Hilo ni swali halali kabisa la Fluidi, lina msuguano, lina mgandamizo, lina kila kitu kitakachokuja kwenye sapu. Wahadhiri wamechoka na wanafunzi wanaokuja kuomba alama. Anayekuja na tenki watamkumbuka.

Halafu tafuta watu wawili wa darasani kwako, nasema wawili tu, mkae kimbweta kimoja kila Ijumaa jioni saa mbili nzima kwa ajili ya sapu, kuanzia sasa na si ukisubiri likizo. Ijumaa kwa sababu Jumamosi unakwenda kuitwa injinia, na nataka uende ukiwa umeshafanya kazi ya injinia. Simu iwe kwenye begi la mwenzako.

Nikuwekee na mpaka. Testi za muhula huu zikirudi, kama mbili zitakuwa chini ya nusu, usiniandikie tena. Andika barua ya kuomba kusimama programu kwa muhula mmoja, ipeleke siku hiyohiyo. Na kwa afisa mikopo wa chuo chako, kama bumu lako, hela ya kujikimu, linatoka Bodi ya Mikopo, pita umuulize mtu akirudia mwaka mkopo wake unakuwaje. Muulize ukiwa huna haja ya jibu, ndio wakati mzuri.

Mama mpigie Jumapili baada ya kanisa au baada ya soko, wakati ambao hana wateja. Anza na tenki, mwambie mtoto aliyekuita injinia, mwache afurahi. Kisha mwambie sapu kwa lugha yake: somo moja nimeanguka, nalirudia mwezi fulani, nimeshajipanga hivi na hivi. Mtu aliyeuza vitenge miaka yote hiyo ameshakopesha majora ambayo hayakulipwa, akaamka kesho yake akatandika meza. Atakuuliza swali moja au mawili, kisha atakuuliza kama unakula.

Jambo la mwisho ni la fundi sanifu wa maji, silo la Shangazi. Huyo fundi wako akitaka kutoboa koki chini kabisa kwenye sakafu ya tenki, mkatalie, au mwambie kiongozi mpya amkatalie. Mvua ya kwanza inashuka na vumbi la bati na kinyesi cha ndege, tope linatua chini, na koki ikiwa hapo watoto watakunywa tope. Apandishe kama kiganja kimoja juu ya sakafu, na maji ya mwanzo ya kila mvua yawe na njia ya kumwagwa kabla hayajaingia ndani. Tundu la kusafishia ndilo liwe chini.